Asili yako na mishipa yako: namna ya kupima hatari ya moyo, ubongo na miguu

Watu wawili wa miaka 48, wote wakazi wa Dar es Salaam, wote hawavuti sigara, wanaweza kupewa majibu ya maabara yanayofanana na bado hatari zao zisifanane. Yule ambaye babu zake walitoka Gujarati ana sababu ya kuiangalia mishipa ya moyo kwanza, tena mapema kuliko anavyodhani. Yule ambaye asili yake ni ya Kiafrika ana sababu ya kuiangalia presha kwanza, kwa kuwa ndiyo inayopasua au kuziba mishipa ya ubongo na kuharibu figo kimyakimya. Wakipimwa kwa jedwali moja la kukadiria hatari lisilojua tofauti hiyo, mmoja wao ataambiwa yuko salama wakati hayuko.

Hapa tunaeleza jinsi ya kukusanya vipimo vyako mwenyewe, kuvisoma kwa kuzingatia ulikotoka, na kujua la kumuuliza daktari. Usiache wala usibadilishe dawa kwa sababu ya ulichosoma hapa. Nenda na namba zako kliniki, mzungumze huko.

Asili inasema nini, na haisemi nini

Wenye asili ya Asia Kusini, yaani India, Pakistan, Bangladesh na Sri Lanka, hupata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa wingi kuliko majirani zao karibu kila walikohamia, na huupata wakiwa bado na nguvu za kazi. Utafiti wa INTERHEART, uliochapishwa 2004 na kuhusisha nchi 52, ulionyesha kwamba mambo tisa ya kawaida, yakiwemo tumbaku, presha, kisukari, mafuta kwenye damu na unene wa tumbo, yanaeleza sehemu kubwa mno ya mashambulio ya moyo kwa watu wa kila asili. Uchambuzi wa 2007 wa takwimu hizo hizo ulikuta kwamba Asia Kusini nusu ya waliopata shambulio la kwanza hawakuwa wamezidi miaka 53, wakati kwingineko umri huo ulikaribia 59. Mambo ni yale yale tisa; yanawafikia mapema. Mafuta yao hujikusanya ndani ya tumbo hata kama mwili unaonekana mwembamba, kisukari huja kwa uzito ambao kwa Mzungu ungeitwa wa kawaida, lehemu (kolesteroli) nzuri, HDL, huwa chini, na trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, huwa juu.

Kwa wenye asili ya Kiafrika picha ni nyingine. Presha huanza mapema, hupanda zaidi, na hudhuru ubongo, figo na ukuta wa moyo. Uingereza, Weusi wenye asili ya Karibiani na Afrika hupata kiharusi zaidi kuliko Wazungu, lakini ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa kidogo kwao, hasa kwa wanaume. Marekani mambo hayako hivyo: Weusi hufa kwa moyo zaidi ya Wazungu, na kuziba kwa mishipa ya miguu kwao ni karibu mara mbili. Utafiti wa MESA, ulioanza 2000 kwa watu 6,814 wa asili nne, ulikuta Weusi wana kalsiamu kidogo kwenye mishipa ya moyo (alama ya ugonjwa wa mishipa hiyo) kuliko Wazungu ingawa presha yao ilikuwa juu zaidi.

Mahali utando unaoziba mishipa unapojijenga napo panatofautiana. Kwa wenye asili ya Ulaya, kiharusi cha kuziba mara nyingi hutokana na mishipa mikubwa ya shingo. Kwa Wachina, Wajapani na Waafrika, mishipa iliyo ndani ya fuvu huhusika zaidi. Kwa hiyo mtu wa Mombasa aliyepata dalili za kiharusi akaambiwa ultrasaundi ya shingo ni safi asiishie hapo; aulize kama mishipa ya ndani ya kichwa imeangaliwa.

Sasa upande wa pili, ambao watu wengi huuruka. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi na kuwalinganisha na wenzao waliobaki. Ni kabila moja, vizazi vile vile. Presha ya waliohama ilikuwa juu zaidi ndani ya muda mfupi, na mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi na potasiamu kidogo. Tanzania nako, hesabu ya viharusi iliyofanywa kati ya 2003 na 2006 ilikuta kiwango cha Dar es Salaam, baada ya kurekebishwa kwa umri, kikiwa karibu mara tatu ya kile cha wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Asili inaonyesha pa kuanzia kutazama. Maisha ndiyo yanayoamua sehemu kubwa ya yatakayoonekana.

Wala "Mwafrika" si kundi moja. Aina za jeni ya APOL1 zinazoongeza ugonjwa wa figo ni za kawaida Afrika Magharibi na kwa Wamarekani Weusi, lakini ni adimu sana kwa Wahabeshi. Takwimu za Chicago au Lagos hazimhusu Msomali wa Eastleigh moja kwa moja. Kwa upande mwingine, kuna jambo la heri lililogunduliwa kwa Wamarekani Weusi: baadhi yao huzaliwa na jeni ya PCSK9 isiyofanya kazi, lehemu mbaya (LDL) yao huwa chini kwa karibu asilimia 28 maisha yote, na mashambulio ya moyo kwao ni machache mno. Dawa za sindano za PCSK9 zilizaliwa kutokana na elimu hiyo.

Anza na karatasi ya ukoo

Chukua karatasi, andika babu na bibi wanne na walikotoka. Kwenye familia za pwani utakuta, kwa mfano, bibi Mshirazi wa Pemba, babu Mmanga, upande wa mama Mdigo na Mkutchi. Andika zote, usichague moja. Kisha ongeza wazazi, ndugu, wajomba, baba wadogo na mashangazi: nani alipooza, nani alikatwa mguu, nani alisafishwa figo, nani "alianguka ghafla", na akiwa na umri gani. Umri ndio wenye uzito. Baba au kaka aliyepata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, anakupandisha daraja la hatari, uwe wa asili yoyote.

Kina mama waongeze mambo mawili ambayo kliniki nyingi hazikumbuki kuuliza: kifafa cha mimba au presha ya ujauzito, na kisukari cha mimba. Presha ya ujauzito huacha alama. Hatari ya moyo na kiharusi kwa mama huyo huwa takribani mara mbili hata miaka mingi baadaye. Anayeishi na VVU aandike pia, kwa sababu hatari yake ya mishipa ni kubwa kuliko majedwali yanavyoonyesha.

Kwenye tumbaku andika kila aina. Fomu huuliza "unavuta sigara?" na mtu wa tambuu yenye tumbaku, ugoro au shisha hujibu hapana kwa dhamiri safi. Miraa nayo iandike: hupandisha presha na mapigo, na kipimo kilichochukuliwa mtu akiwa bado ana handasi (msisimko) yake hakina maana.

Kiuno kabla ya mizani

Simama, toa pumzi ya kawaida bila kuvuta tumbo. Tafuta ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, weka futi ya fundi cherehani katikati ya sehemu hizo mbili, juu ya ngozi. Kosa la kawaida ni kupima pale mkanda wa suruali unapokaa, chini ya kitambi. Hapo unajipunguzia sentimita kadhaa bila kujua.

Kipimo rahisi kinachofaa asili zote: kiuno kisizidi nusu ya urefu. Mwenye urefu wa sentimita 168 asizidi 84. Shirikisho la kimataifa la kisukari huweka mpaka wa sentimita 90 kwa wanaume wa Asia Kusini na Wachina, 94 kwa wanaume wa Ulaya, na 80 kwa wanawake wa makundi hayo. Kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara na Waarabu shirikisho liliazima mipaka ya Wazungu kwa kukosa takwimu za kwao, na ndiyo sababu tunapendelea kipimo cha nusu ya urefu.

Uzito kwa urefu (BMI) nao una mipaka tofauti. Uingereza, kwa wenye asili ya Asia, Mashariki ya Kati, Afrika na Karibiani, uzito uliozidi huhesabiwa kuanzia 23, na unene kuanzia 27.5, badala ya 25 na 30.

Presha ya nyumbani, kwa siku saba

Nunua kipimo cha mkono wa juu; vya kifundo cha mkono vinayumba. Kabla ya kulipa, pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Mkanda wa kawaida unafaa sentimita 22 hadi 32. Zaidi ya hapo dai mkubwa, wa 32 hadi 42. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huongeza namba za uongo, mara nyingi 5 hivi, na kwa mkono mnene sana hata karibu 20. Kuna watu wanaomeza vidonge kwa sababu ya mkanda tu.

1. Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala chai ya rangi, usivute, usitafune miraa. Kojoa kwanza.
2. Kaa kwenye kiti chenye mgongo kwa dakika 5, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono mtupu juu ya meza usawa wa moyo. Usiongee, usishike simu.
3. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili. Kama namba ya juu inapishana kwa zaidi ya 15, rudia; ikibaki hivyo tumia daima mkono wenye namba kubwa, na umwambie daktari, maana huenda mshipa wa upande ule mwingine umebana.
4. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku saba mfululizo.
5. Futa siku ya kwanza. Jumlisha zilizobaki, gawa kwa idadi yake: kwa siku sita ni vipimo 24.

Wastani wa nyumbani ukifika 135/85 unalingana na 140/90 ya kliniki, na hiyo ni presha ya juu. Andika kila namba, hata ile iliyokutisha. Wengi huandika nzuri tu, na daktari anabaki kutibu mtu asiyekuwepo.

Kwa wenye asili ya Kiafrika kuna mtego mwingine: presha inayopaswa kushuka usingizini mara nyingi haishuki. Kama vipimo vya mchana ni vizuri lakini figo zinazidi kuchoka au ukuta wa moyo umekuwa mnene, omba kipimo cha saa 24 kinachovaliwa mwilini. Kuhusu ukuta huo, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya mtu Mweusi, hasa kijana au mwanamichezo, mara nyingi huonyesha mistari mirefu ambayo mashine huiandika kuwa ukuta wa moyo umenenepa. Ultrasaundi ya moyo ndiyo ya kuthibitisha kabla ya mtu kuambiwa ana ugonjwa.

Maabara: namba zinazodanganya

Omba kipimo kamili cha mafuta: lehemu yote, HDL, trigliseridi na LDL. Kama maabara haikuandika LDL, kokotoa. Tuseme lehemu yote ni 5.8 mmol/L, HDL 0.9, trigliseridi 2.4. Gawa trigliseridi kwa 2.2 upate 1.1, kisha 5.8 toa 0.9 toa 1.1: LDL ni 3.8. Trigliseridi zikizidi 4.5 hesabu hii haifai. Kuna hesabu nyepesi zaidi isiyohitaji kufunga kula: 5.8 toa 0.9 ni 4.9, hayo ni mafuta yote mabaya kwa pamoja. Kwa mwenye asili ya Asia Kusini tunaipenda zaidi namba hii ya pili, kwa sababu LDL yake inaweza kuonekana ya wastani huku chembe zake zikiwa ndogo na nyingi. Kama majibu yako kwa mg/dL, gawa lehemu kwa 38.7.

Kwa mwenye asili ya Kiafrika trigliseridi hudanganya kwa upande mwingine. Kwa kawaida huwa chini, na HDL huwa nzuri, hata sukari inapoanza kuharibika. Mtu anatazama karatasi, anaona mafuta safi, anadhani kisukari kiko mbali. Sukari ipimwe peke yake.

Na hapo kwenye sukari kuna jambo linalotugusa sana watu wa pwani na wa Ziwa. Kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa miezi mitatu, hutegemea umri wa chembe nyekundu za damu. Mwenye vinasaba vya selimundu hata bila kuugua, au upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu), anaweza kusomewa chini kuliko sukari yake halisi, na yote mawili yameenea kwenye ukanda wenye malaria. Upungufu wa madini ya chuma nao hupandisha. Kama HbA1c ni 6.1 lakini unakojoa usiku na kiuno kimepita, usiridhike: pima sukari ukiwa hujala, ambapo 7.0 mmol/L na zaidi ni kisukari, au kile cha kunywa gramu 75 za glukosi, ambapo 11.1 na zaidi baada ya saa mbili ni kisukari. Majibu ya juu yarudiwe siku nyingine kabla ya kuthibitisha, kama huna dalili.

Mara moja maishani, kama uwezo upo, pima lipoprotini ya a, inayoandikwa Lp(a). Kiwango chake hurithiwa, chakula hakikibadilishi sana, na kiko juu zaidi kwa wenye asili ya Kiafrika, kisha Asia Kusini, kisha Ulaya. Ikizidi 125 nmol/L, au 50 mg/dL, inaongeza hatari kwa asili zote. Faida ya kuijua ni kwamba utapambana kwa bidii zaidi na vile unavyoweza kuvishusha, hasa LDL na presha.

LDL ya 4.9 au zaidi kwa mtu ambaye hajaanza dawa inaashiria ugonjwa wa kurithi wa lehemu, ambao ni wa kawaida mno kwa Makaburu wa Afrika Kusini na kwa Wakanada wa Kifaransa kwa sababu wahenga wao walikuwa wachache. Papasa kano ya kisigino: uvimbe mgumu hapo ni dalili. Watoto na ndugu nao wapimwe.

Malizia na vipimo vya figo: kreatinini ya damu na albumini (protini) ya mkojo. Kama hesabu ya figo yako inatoka kwenye fomula ya zamani yenye kisanduku cha "Mweusi", ilikuongezea uwezo ambao huenda huna. Fomula ya 2021 imekiondoa kisanduku hicho.

Miguu, kwa vidole vyako mwenyewe

Hapa ndipo ugonjwa wa mishipa unapojificha zaidi kwa watu Weusi, na hugunduliwa mguu ukiwa umeshaoza. Lala, vua soksi. Weka vidole viwili juu ya wayo, kwenye bonde kati ya mfupa wa kidole gumba na wa kidole kinachofuata, katikati ya wayo. Gusa kwa wepesi. Ukibonyeza sana unauziba mshipa wenyewe, au unasikia mapigo ya kidole chako. Kisha peleka vidole nyuma ya kifundo cha ndani, kwenye kijishimo kati ya mfupa na kano. Linganisha kulia na kushoto. Baadhi ya watu huzaliwa bila mapigo ya juu ya wayo, lakini yale ya nyuma ya kifundo yakikosekana ni jambo la kuchunguzwa.

Vitabu husema angalia mguu uliopauka ukiinuliwa na kuwa mwekundu ukishushwa. Kwenye ngozi nyeusi rangi hizo hazionekani vizuri. Tazama unyayo na kucha, gusa joto kwa mgongo wa mkono kuanzia goti kushuka, na angalia kama ngozi ya mundi imekuwa nyembamba, inang'aa na kukosa malaika upande mmoja. Bonyeza kidole gumba cha mguu kwa sekunde 5. Rangi ichukue si zaidi ya sekunde 2 au 3 kurudi.

Maumivu ya kigimbi yanayokuja kwa kutembea na kuisha ukisimama dakika chache yanahitaji kipimo cha kulinganisha presha ya kifundo na ya mkono. Mgonjwa hulala kwa dakika 5 hadi 10, mhudumu hutumia mkanda na dopla ndogo, kifaa cha kusikiliza mtiririko wa damu, kwenye mikono yote na mishipa miwili ya kila kifundo. Presha kubwa ya kifundo hugawanywa kwa presha kubwa ya mkono. Kifundo 112, mkono 140: ni 0.80. Kuanzia 0.90 kushuka ni ugonjwa, 1.0 hadi 1.4 ni kawaida. Ikizidi 1.4, mshipa umekakamaa kwa kalsiamu, kama inavyotokea kwenye kisukari cha muda mrefu, na jibu hilo lisichukuliwe kuwa zuri. Ipimwe presha ya kidole gumba.

Kujaza jedwali la hatari

Kila jedwali lina mipaka yake, na hapa makosa ni mengi.

Jedwali la Shirika la Afya Duniani la 2019 linafuata ukanda. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zina la Afrika Mashariki, Kongo ya Kinshasa ina la Afrika ya Kati, na Oman ina la Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Linafaa umri wa miaka 40 hadi 74, na lina toleo lisilohitaji maabara: jinsia, umri, sigara, presha na BMI. Tatizo lake ni kwamba halijui asili ndani ya nchi. Muhindi wa Kariakoo anahesabiwa kwa wastani wa Afrika Mashariki na hatari yake inashuka kwenye karatasi tu. Njia yetu: kila rangi ya jedwali ni daraja la hatari, hivyo akiangukia ukingoni mwa daraja moja, mchukulie kuwa wa daraja la juu yake, na umpime maabara.

QRISK3, jedwali la Uingereza, kwa miaka 25 hadi 84, huuliza asili. Usipochagua, inakuhesabu kama Mzungu. Muhindi aliyezaliwa Kampala au Zanzibar achague asili ya India, kwa sababu kinachoulizwa ni ukoo. Mwenye mchanganyiko wa Kiarabu na Kiafrika hana kisanduku chake. Atachagua kundi jingine, na amweleze daktari. Afanye hesabu mara mbili kwa visanduku viwili vinavyomkaribia aone tofauti. Kwa Waafrika jedwali hili hushusha namba kuliko kwa Wazungu, na Waafrika wengi ambao takwimu zao zimo humo ni wahamiaji ambao kwa kawaida huondoka kwao wakiwa na afya nzuri. Mtoto wao aliyekulia Birmingham kwa chipsi na kuku wa kukaanga asijifarijie kwa namba hiyo.

Mwongozo wa Ulaya wa 2021 unapendekeza kuzidisha jibu la jedwali lake kwa 1.3 kwa asili ya India na Bangladesh, na 1.7 kwa asili ya Pakistan. Marekani, hesabu ya 2013 ilikuwa na Mweupe na Mweusi tu; ile ya 2023, inayoitwa PREVENT, imeondoa rangi kabisa na kuingiza figo. Huko, mwenye asili ya Asia Kusini anapaswa kutaja asili yake kwa mdomo kwa kuwa mashine haitaiuliza.

Mwenye kisukari cha muda mrefu, figo zilizochoka, au aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi hahitaji jedwali lolote. Tayari yuko kundi la juu.

La kumuuliza daktari kuhusu dawa

Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa 2019, uliwafuatilia wagonjwa 728 Weusi wa presha katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Amlodipini pamoja na haidroklorothiazaidi, au amlodipini pamoja na perindoprili, zilishusha presha vizuri kuliko perindoprili na haidroklorothiazaidi bila amlodipini. Kwa hiyo mwenye asili ya Kiafrika aliyeanzishiwa enalaprili au lisinoprili peke yake, na presha haishuki, aulize kuhusu mchanganyiko wenye amlodipini. Lakini kama ana kisukari, albumini kwenye mkojo au moyo dhaifu, dawa za kundi la lisinoprili au losatani zina kazi nyingine ya kulinda viungo hivyo na haziondolewi kwa hoja ya asili.

Dawa zinazoishia na "prili" huwavimbisha watu Weusi midomo, ulimi na koo mara nyingi zaidi kuliko Wazungu, hata baada ya miezi mingi ya kutumia bila shida. Midomo ikivimba, acha kidonge hicho na nenda hospitali saa hiyo hiyo. Losatani na nduguze huleta tatizo hili kwa nadra zaidi.

Rosuvastatini, mojawapo ya statini (dawa za kushusha lehemu), hukaa kwa wingi zaidi kwenye damu ya wenye asili ya Asia, hivyo huanzishwa kwa miligramu 5. Kwa wenye asili ya Kiafrika, kimeng'enya cha misuli (CK) huwa juu kiasili. Kipimwe kabla ya kuanza statini, la sivyo jibu la baadaye litaonekana kama dawa imeharibu misuli na mtu atanyimwa dawa inayomfaa.

Jikoni

Mauritius, kisiwa chenye Wahindi, Wakrioli na Wachina, kilibadilisha mafuta ya kupikia ya bei nafuu mwaka 1987 kutoka mawese kwenda soya. Kufikia 1992 wastani wa lehemu ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7 mmol/L. Hakuna asili iliyoachwa nyuma. Kwa nyumba zetu maana yake ni kupunguza samli, mawese na mafuta ya nazi, na tui zito liwe la siku moja moja. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko cha chai kilichosawazishwa, pamoja na iliyomo kwenye mkate, vidonge vya supu na papa wa ng'onda. Ng'onda alowekwe usiku kucha na maji yamwagwe mara mbili, kisha chungu kisiongezwe chumvi.

Lini kupima tena, na lini kukimbia

Maoni yetu: mwenye asili ya Kiafrika apime presha kila mwaka kuanzia miaka 18, mwenye asili ya Asia Kusini apime mafuta na sukari kuanzia 30, au mapema kama kiuno kimepita. Baada ya kuanza statini, mafuta yarudiwe kati ya wiki 4 na 12. Presha iliyobadilishiwa dawa ipimwe tena baada ya mwezi.

Maumivu au mbano wa kifua unaozidi dakika 15, unaokwenda mkononi, tayani au mgongoni, pamoja na jasho la baridi, ni hospitali. Wenye kisukari na wanawake huweza kupata pumzi fupi, kichefuchefu na uchovu tu, bila maumivu makali. Wakati wa kungoja gari, mtu asiye na mzio wa aspirini atafune miligramu 300. Lakini uso ukipinda ghafla, mkono ukalegea au maneno yakakwama, usimpe aspirini: kwa watu wetu sehemu kubwa ya viharusi ni vya mshipa kupasuka, na hakuna awezaye kuvitenganisha na vile vya kuziba bila picha ya CT. Andika saa dalili zilipoanza, chukua dawa zake zote na karatasi ya presha, na umpeleke hospitali yenye mashine hiyo.